Kibao cha 50 hakifii njiani

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mwezi uliopita nilikuwa natoka Morogoro kwenda Dodoma na gari langu dogo. Baada ya Gairo nikaingia kijiji kimoja, nikakiona kibao cha 50, nikapunguza mwendo. Nyumba zikaanza kupungua, nikapita njia panda ya vumbi, nikakanyaga mafuta. Mbele kidogo tochi ya trafiki ya kupima mwendo ikanidaka na 64, nikalipa 30,000. Rafiki yangu, dereva wa siku nyingi, anasema nimeonewa kwa kuwa kibao cha 50 kinaisha nguvu baada ya mita 200 au ukishavuka njia panda. Ni kweli? Halafu mdogo wangu ana lena, yaani leseni ya kujifunzia, kuna mtu anataka kumuuzia faili la picha za alama pamoja na majibu akariri kabla ya mtihani. Linafaa?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Hukuonewa. Kibao cha 50 kinaanza kazi pale kiliposimama, na kazi hiyo inaendelea mpaka kibao kingine kiitangue: ama duara lenye 50 iliyokatwa kwa mistari myeusi ya mshazari, ama kibao chenye namba nyingine. Kama hujakiona kimojawapo, bado umo ndani ya 50, hata nyumba ziwe zimeachana namna gani.

Hizo mita 200 nazisikia katika kila darasa jipya ninalolipokea. Mwingine anakuja na 300. Mwingine ameambiwa mwisho ni zebra ya kwanza, mwingine tuta la mwisho. Ukimuuliza ameisoma wapi, anajibu kwamba madereva wote wanajua. Hiyo habari ya njia panda ipo kweli duniani, lakini nenda kaitafute Ubelgiji, ambako kibao cha mwendo kinakoma kwenye makutano mpaka kirudiwe tena. Barabara ya Morogoro kwenda Dodoma haiko Ubelgiji.

Kinachoniumiza zaidi si ile 30,000 yako. Ni kwamba uongo huu unamfundisha dereva kuhesabu mita badala ya kutazama alipo. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 imeweka 50 kwa maeneo ya makazi. Kibao kinakuonyesha eneo hilo linapoanzia na linapoishia, basi. Mtu aliyetokea na pikipiki kwenye ile njia ya vumbi hakupita kibao chochote, lakini naye yuko kijijini kama wewe, na mtoto anayevuka kwenda kuchota maji hajui wewe umeingilia upande gani. Sheria hiyohiyo imewawekea 80 magari ya abiria na magari yenye uzito unaozidi kilo 3,500, na hakuna atakayewasimikia kibao cha 80 kila kilometa ili wakumbuke.

Nimeona umeandika 64 kama vile ni 50 na chenji. Hebu tuipigie hesabu. Kwa 50 gari linakwenda karibu mita 14 kwa sekunde, kwa 64 karibu mita 18. Mtoto akichomoka, utatumia kama sekunde moja kabla mguu haujafika kwenye breki. Kwenye lami kavu, breki na matairi yakiwa mazima, wa 50 atasimama baada ya kama mita 28, ukijumlisha na ile sekunde. Wewe wa 64 utahitaji kama mita 40. Sasa simama kwa mawazo pale kwenye mita 28, ambapo gari la mwenzako limeshatulia. Lako linapita hapo likiwa bado na zaidi ya kilometa 45 kwa saa. Ndiyo maana sikubaliani na anayeniambia kazidisha 14 tu. Mwenzako amesimama na kumtukana mtoto. Wewe umemgonga kwa karibu mwendo wote ambao mwenzako alianza nao.

Pamoja na hayo, haki yako ipo, na nisingependa uipoteze siku ukiihitaji. Vibao vinang'olewa vikauzwa chuma chakavu, vingine vinagongwa na malori vikalala majanini. Ikiwa kibao cha kuingilia hakipo kabisa na umeandikiwa kosa, piga picha eneo lote, likatae kosa kwa adabu na utake lipelekwe mahakamani. Usigombane na trafiki barabarani. Ikiwa kilichong'olewa ni cha kutokea, endelea na 50 mpaka uone kweli umeyaacha makazi: hakuna nyumba, hakuna vibanda, hakuna vijia vya miguu vinavyoingia barabarani. Kisha utoe taarifa ofisi ya mkoa ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, maana hiyo ni barabara kuu. Lakini kwa maelezo yako mwenyewe kibao ulikiona na ukakitii. Ulichofanya ni kukitangua mwenyewe.

Sasa hilo faili. Mwambie mdogo wako asitoe hata mia.

Mafaili ya namna hiyo wanafunzi wangu wameniletea mengi kwenye simu zao. La mwisho nililolifungua lilianza na kibao cha njano chenye umbo la almasi, chini yake pameandikwa kwa kujiamini "kona kali". Hiyo ni alama ya Marekani. Kwetu tahadhari ni pembetatu yenye ukingo mwekundu. Kurasa mbili mbele kulikuwa na mwendo wa maili, bila shaka umenyofolewa Uingereza. Kishoka aliyelikusanya hajui tofauti, na hana sababu ya kujua. Akishapokea hela yake kwenye simu, amemalizana na wewe. Yule kijana alikuwa amekariri picha zaidi ya 100. Nikamchorea duara la buluu lenye mshale mweupe, nikamuuliza linamtaka afanye nini. Akanyamaza, kwa sababu mshale wangu ulielekea kushoto na wa kwenye faili ulielekea kulia.

Alama hazisomwi kwa kukariri picha mojamoja. Umbo na rangi vinatangulia kusema kabla mchoro wa ndani haujasema. Duara lenye ukingo mwekundu linakukataza au linakuwekea kikomo. Duara la buluu linakuamuru ufanye jambo. Pembetatu iliyosimama inakuonya, na mstatili mara nyingi unakupa taarifa au kukuelekeza. Halafu kuna mbili ambazo zimepewa maumbo yasiyofanana na chochote: pembe nane ya kusimama, na pembetatu iliyopinduliwa ya kutoa nafasi. Huwa nawapeleka wanafunzi nyuma ya vibao hivyo, upande wa bati tupu, nawauliza wanaona nini. Wengi wanasema hawaoni kitu. Nawaambia waangalie ukingo. Kibao hata kiwe kimepakwa tope lote la masika, pembe nane ni pembe nane, na ukikiona kwa nyuma umeshajua kwamba dereva wa upande ule ndiye anayetakiwa kusimama. Muulize kishoka kama faili lake linalo hilo.

Na hapa nataka niwaambie wote mnaosoma, si ndugu aliyeuliza peke yake. Pengo linaloachwa na alama zisizoeleweka linajazwa na alama za mitaani. Hatari kuliko zote ni taa ya indiketa ya lori. Vijana wanafundishwa na mautingo kwamba lori likiwasha ya kushoto limekupa njia, ovateki. Likiwasha ya kulia, subiri. Ndugu zangu, indiketa ya kushoto maana yake gari linakwenda kushoto au linasimama. Dereva wa lori haoni kwa macho yako, hajui gari lako lina nguvu kiasi gani, na pengine anaelekea tu kuegesha. Nimeona mtu akitoka nyuma ya semi usiku kwa kuamini taa hiyo huku chini yake kuna mstari mzima usiovukwa. Mstari umechorwa pale kwa sababu mbele kuna kilima au kona inayoficha gari linalokuja. Yeye akauamini mwanga wa mtu asiyemjua kuliko rangi iliyo chini ya matairi yake. Safari ile aliponea kwenye majani.

Matawi ya miti yaliyotupwa barabarani ni habari nyingine. Ukiyaona, punguza, kuna gari bovu mbele. Lakini wewe gari lako likiharibika weka pembetatu zinazoakisi mwanga, maana usiku tawi halionekani mpaka umelikanyaga. Na wewe wa bodaboda unayeingia njia ya mabasi ya mwendokasi Dar es Salaam kwa sababu "trafiki hayupo", kile kibao hakikuwekwa kwa ajili ya trafiki. Kimewekwa kwa sababu nyuma yako linakuja basi ambalo dereva wake hatarajii kukukuta pale.

Mdogo wako nitamsaidia hivi. Asubuhi moja ashuke kwa miguu na daftari mpaka kwenye kiplefti cha karibu, akae saa nzima. Kila kibao achore umbo lake kwanza, kisha rangi, mchoro wa ndani uje mwisho. Halafu atazame magari: nani kampisha nani, aliyetoka kulia kapewa nafasi au kanyimwa, na kibao kilikuwa kimesema nini. Akirudi nyumbani umfunike mchoro wa ndani kwa kidole, umuulize alama inakataza, inaamuru au inaonya. Asipojibu, arudi kesho yake.