Maswali ya Wasomaji: Stika ya maegesho inampa mkazi haki gani?

Kadiri majengo ya ghorofa na makazi yenye uzio yanavyoongezeka hapa Mwanza, yaani Kiseke, Buswelu, Nyasaka na Buhongwa, ndivyo barua za maegesho zinavyozidi kutufikia. Katika toleo hili tumechagua barua tatu. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa kuwa imegusa karibu kila jambo ambalo wakazi wengine nao wameuliza.

Swali: Ndugu Mhariri, nilinunua apatimenti ya vyumba vitatu katika jengo jipya huku Kiseke, Manispaa ya Ilemela. Siku ya kuonyeshwa jengo niliambiwa kwa mdomo kwamba kila nyumba ina nafasi yake ya gari. Tulipohamia tukakuta nyumba ni 24 na nafasi zilizochorwa ni 15, kwa sababu upande wa juu wa kiwanja una jabali ambalo mjenzi hakulivunja. Sasa kamati ya wakazi imeanzisha stika zinazolipiwa kila mwezi. Gari lisilo na stika, au lililosimama nje ya mistari, hufungwa mnyororo kwenye tairi na halifunguliwi mpaka faini ilipwe. Mke wangu ni muuguzi, na anaporudi usiku baada ya zamu ya jioni hukuta nafasi zote zimejaa ingawa stika anayo. Hivi karibuni alisimama mbele ya ngazi ashushe mtungi wa gesi. Aliporudi akakuta tairi limefungwa. Je, kamati ina mamlaka ya kutufanyia hivi? — Mkazi wa Kiseke.

Jibu: Ndugu Mkazi, kabla ya kuizungumzia kamati, naomba utoe kabatini mkataba wako wa mauziano, hati yako, na ramani ya jengo iliyoidhinishwa na manispaa. Majibu mengi ya maswali yako yamo humo, na ni jambo la kusikitisha kwamba watu wengi hugombana getini kwa miezi bila hata mmoja wao kuzifungua karatasi hizo. Bunge lilipitisha mwaka 2008 sheria ya umiliki wa sehemu katika majengo, ambayo ndiyo Sura ya 416 ya sheria zetu. Chini ya sheria hiyo mtu humiliki sehemu yake ya jengo peke yake, na hushirikiana na wenzake katika sehemu za pamoja, ambazo husimamiwa na chama cha wamiliki. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: nafasi zile 15 zimeandikwaje? Ikiwa nafasi fulani imeorodheshwa kuwa sehemu ya nyumba fulani, hiyo ni mali ya mtu, na kamati haiwezi kuigawa kwa stika. Ikiwa zote 15 ni eneo la pamoja, hakuna mwenye nyumba aliye na haki kubwa kuliko mwingine ya kuegesha pale, wala hakuna anayeweza kuweka ndoo au kiti cha plastiki na kudai kwamba pale ni pake tangu alipohamia.

Kuhusu ahadi ya mdomo, lawama hiyo mwelekee aliyekuuzia na si jirani zako. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua kwamba maelezo yasiyo ya kweli yaliyomshawishi mtu kuingia katika mkataba yanaweza kumpa haki ya kuutengua. Hata hivyo, maneno ya mdomo ni magumu kuyathibitisha. Tafuta kipeperushi cha mauzo, ujumbe wa simu au tangazo lolote lililotaja maegesho, kisha uwaulize wenzako kama nao waliambiwa vivyo hivyo. Wanunuzi 10 wenye ushahidi unaofanana wana nguvu ambayo mmoja hana, na kwa maoni yangu hatua hiyo ina manufaa kuliko mabishano yote ya getini yakijumlishwa pamoja.

Sasa nije kwenye stika. Utaratibu wa stika si mbaya, na pale ambapo magari ya wageni na ya wenye fremu za jirani huingia bila mpangilio, stika husaidia sana. Ila stika haiongezi nafasi hata moja. Kamati ikitoa stika 24 kwa nafasi 15, na kila nyumba ikawa na gari, basi kila usiku magari 9 yatakosa pa kukaa ilhali wenyewe wamelipa. Hapo kamati inakuwa imeuza kitu isichokuwa nacho. Dhuluma hiyo huwaangukia zaidi watu wa zamu, yaani wauguzi, walinzi na madereva, ambao kila siku ndio wa mwisho kurudi. Ombeni kamati ihesabu magari saa nne usiku na tena alfajiri, kwa siku kadhaa mfululizo, kabla ya kutoza shilingi nyingine. Mara nyingi hesabu hiyo huonyesha kwamba nyumba kadhaa hazina gari kabisa, na kwamba tatizo liko kwa wachache wenye magari mawili au matatu, au kwa gari bovu lililokaa miezi bila kuondolewa.

Japani walilitazama jambo hili tangu mwanzo wake. Kwa sheria yao ya mwaka 1962, anayetaka kusajili gari la kawaida katika sehemu kubwa ya nchi hutakiwa kwanza kuthibitisha kwamba ana mahali pa kuliegesha, na siku hizi mahali hapo sharti pawe ndani ya kilomita 2 kutoka anapoishi. Sisemi tuige kila kitu. Ninachosema ni kwamba wenzetu huhesabu nafasi kabla gari halijafika, nasi huanza kuhesabu baada ya majirani kukosana. Kwa Mwanza yetu, ambako jengo hubanwa kati ya mwinuko na majabali, hesabu hiyo ingefanywa wakati wa kuomba kibali cha ujenzi. Natamani maofisa mipango miji wetu, wa Jiji na wa Ilemela, wamuulize kila mjenzi swali moja rahisi: ukiacha jabali, magari mangapi yatakaa hapa bila kuziba njia?

Mnyororo wa tairi ndilo jambo linalonitia wasiwasi kuliko yote. Kamati ya wakazi si polisi wala mahakama. Mamlaka yake hutoka katika kanuni ambazo wamiliki wenyewe walizipitisha katika kikao chenye akidi, zikaandikwa, na kila mmoja akajulishwa. Kama hakuna kanuni hizo, au kama zilitungwa na watu watatu wakazituma tu kwenye kundi la WhatsApp, basi ile wanayoiita faini haina msingi. Hata pale kanuni zipo, malipo hayo kwa asili yake ni fidia ya kuvunja makubaliano, na kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba kinasema kwamba anayevunjiwa makubaliano anastahili fidia inayofaa, isiyozidi kiasi kilichotajwa. Kiasi kinachotajwa ili kutisha tu ni kigumu kukitetea mbele ya hakimu. Na kulizuia gari la mtu mpaka alipe ni hatua ambayo mimi nisingeishauri kamati yoyote kuichukua bila wakili kuipitia kwanza.

Uingereza walipitia haya kabla yetu. Kwa miaka mingi kampuni binafsi zilizopewa kazi ya kusimamia maegesho zilikuwa zikifunga matairi ya magari, ya wakazi na ya wageni, na kudai fedha nyingi, mpaka Bunge lao likapiga marufuku utaratibu huo katika ardhi binafsi kote England na Wales kuanzia Oktoba 2012. Kisha mwaka 2016 mahakama ya Oxford ilisikiliza shauri linalofanana sana na la mke wako. Mkazi alisimamisha gari karibu na mlango wa jengo lake ili ashushe meza, na kampuni ikamdai fedha kwa kuegesha pasiporuhusiwa. Jaji aliamua kwamba kusimama kwa muda mfupi ili kushusha mzigo si kuegesha, na kwamba kampuni haikuweza kuja baadaye na mabango yake ikamnyang'anya mkazi haki ambayo mkataba wake wa nyumba ulikuwa umempa. Uamuzi huo haufungi mahakama za Tanzania, lakini hoja yake inaeleweka kwa mtu yeyote mwenye busara, na ningekushauri uiweke katika barua yako.

Lakini na kamati nayo ina neno ambalo sisi wakazi tunapaswa kulikubali. Mbele ya ngazi na kwenye njia ya kuingilia pasiegeshwe gari hata kwa nusu saa. Viwanja vyetu vingi vina lango moja, tena la kupanda mlima. Gari moja likiziba hapo, gari la zimamoto halipiti na mgonjwa hatoki. Kwa hiyo pendekeza kanuni inayoruhusu kushusha mizigo kwa dakika 15, dereva akiwa karibu na taa za tahadhari zikiwaka, na inayokataza kabisa kuliacha gari hapo na kwenda kulala.

Andika barua kwa kamati ukiomba nakala ya kanuni, muhtasari wa kikao kilichozipitisha, na mapato na matumizi ya fedha za stika. Omba pia kikao cha wamiliki wote, na ajenda iwe moja tu, yaani namna ya kugawa nafasi 15. Njia ninayoipenda ni kuzipa nafasi zote namba, kisha watu wenye saa tofauti wagawane namba moja kwa makubaliano ya maandishi, na gari la pili la nyumba yoyote lisipewe stika mpaka kila nyumba yenye gari moja iwe imepata. Mkishindwana juu ya haki ya kutumia eneo lenyewe, nendeni Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha. Lisipofanikiwa ndani ya siku 30, mlango wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya uko wazi.

Swali: Mimi ni mpangaji Buhongwa. Kodi nalipa ya miezi sita mbele. Mwenye nyumba anaishi mkoa mwingine, na stika ya nyumba ninayoishi amempa shemeji yake, ambaye huja kuegesha hapa na kwenda kazini kwa daladala. Mimi nina kirikuu ninayobebea samaki kutoka Mwaloni Kirumba, na majirani wamesema magari ya biashara hayatakiwi ndani kwa sababu yananuka. Nifanyeje? — Mchuuzi wa samaki.

Jibu: Ndugu Mchuuzi, mwenye nyumba akishakupangisha nyumba, matumizi ya vile vinavyoambatana nayo huenda kwako, isipokuwa pale mkataba wa pango unaposema vingine. Soma mkataba wako. Kama haukutaja maegesho, mwandikie kwa adabu kwamba unaomba stika irudi kwa anayeishi katika nyumba, na ueleze kwamba ungependa jambo hilo liandikwe kabla hujalipa kodi inayofuata, kwa maana wakati huo ndipo mpangaji husikilizwa. Kamati nayo iambiwe wazi kwamba stika ifuate nyumba na anayelala ndani yake. Kumpa shemeji asiyeishi hapo ni kuwanyima wakazi nafasi ambayo ni yao.

Kuhusu kirikuu, sikubaliani na majirani zako wanapokataa gari kwa sababu tu linamtafutia mtu riziki. Kirikuu haichukui nafasi kubwa kuliko magari yao. Kanuni ya haki hutaja ukubwa wa gari, kelele, na mzigo unaobaki ndani usiku. Haitaji kazi ya mwenye gari. Hata hivyo, harufu ya maji ya sangara yanayochuruzika chini ya dirisha la mtu ni kero ya kweli, na hapo haki iko upande wao. Osha gari lako kabla hujarudi nyumbani, na uoshe pale penye mtaro unaopokea maji machafu. Nakuomba sana usilipeleke ufukweni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa dhidi ya shughuli zinazoweza kuliharibu, na ziwa hilo ndilo linalotulisha wewe na wateja wako.

Swali: Tunaishi Isamilo. Jirani amepanga mawe na pipa kwenye barabara ya mtaa mbele ya geti lake, akisema ana stika ya makazi yao. Je, stika hiyo inafika barabarani? — Wakazi watatu.

Jibu: Haifiki. Stika ya makazi huishia kwenye mpaka wa kiwanja. Nje ya geti ni barabara ya umma, na barabara za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017. Jirani yenu ana haki ya kutozibiwa geti lake, wala hana haki ya kumiliki lami iliyo mbele yake. Msiyaondoe mawe hayo usiku kwa mikono yenu, maana ugomvi utakaofuata utageuka kuwa wa mwili na chanzo chake kitasahaulika. Mwendeeni kwanza na mwenyekiti wa mtaa akiwepo. Akikataa, pigeni picha zenye tarehe, mwandikie mtendaji wa mtaa barua iliyosainiwa na ninyi watatu, na nakala yake ipelekeni ofisi ya TARURA ya wilaya.