Mimi nafungasha kwenye ndoo ya rangi

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Ukienda likizo kwenye msitu wa mvua, utafungasha nini ili msitu usibaki na taka zako?" Naishi Lindi mjini, na jibu langu ni ndoo. Ndoo ya rangi ya lita 10, ile ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, iliyobaki tulipopaka sebule miaka sita iliyopita.

Najua mtaguna. Tumeulizwa mazingira, huyu anatuletea plastiki! Nisubirini kidogo.

Mwaka jana mwezi wa nne, baada ya kupata kibali cha watu wa misitu, tulipanda Rondo, uwanda wa juu wenye msitu huku kwetu Lindi, mimi, mume wangu na wifi yangu anayekaa Dar. Wataalamu huuita ule msitu wa pwani, si msitu wa mvua wa milimani kama wa Udzungwa au Amani. Sawa. Lakini aliyelala kule juu msimu wa mvua, ukungu umeshuka mpaka kwenye kamba ya nguo, hatabishana juu ya jina. Huku kusini mvua zetu ni za msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili na Mei, na Rondo imeinuka zaidi ya mita 800 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo hupata maji kuliko sisi tulioko chini.

Wifi alishuka na begi la magurudumu. Ndani kila kitu kipya: koti la mvua, viatu, taulo la kukauka haraka, vichupa vidogo vya shampuu, na pakiti nne za zile tishu zenye majimaji, waipsi. Mzee mwenyeji aliyetuongoza alimtazama, akaitikia shikamoo yake, kisha akamuuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hilo la magurudumu utalivuta wapi?"

Liliishia kubebwa kichwani, likalowa usiku wa kwanza, na halikukauka mpaka tuliporudi Lindi.

Ndoo haipitishi maji. Panya hatoboi kirahisi. Huhitaji kuviringisha nguo kwenye nailoni ndani yake. Kambini ukiifunika ni kigoda. Jioni unachotea maji ukaoge mbali na kijito, hatua mia hivi, ili povu lichujwe na udongo kabla ya kufika kwenye maji wanayokunywa wengine. Siku ya kuondoka, chakula kimeisha, inarudi na taka zote bila kuvuja. Plastiki ya kukaa nayo miaka sita sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na ya dakika kumi. Tangu Juni 1, 2019 rambo zimepigwa marufuku nchini, tukahamia kwenye mifuko mbadala na kujipongeza, wakati mingi ya ile inayofanana na kitambaa ni plastiki pia, na ikipigwa jua na mvua huchanika nyuzinyuzi. Na kama una mgeni anayetoka nje ya nchi mwambie mapema: mifuko ya plastiki haingii nayo uwanja wa ndege. Vile vifuko vya zipu vya kuwekea sabuni na dawa ya meno vinaruhusiwa, kwa sharti kwamba ataondoka navyo.

Nguo ni seti mbili tu. Moja ya kulowana mchana, moja kavu ya usiku ambayo haitoki kwenye ndoo mpaka umeshaoga. Asubuhi unavaa ile mbichi tena, baridi inakuchoma kidogo, unazoea. Ukianza kuvaa kavu kila unapolowa, siku ya pili huna kavu hata moja. Jinzi acheni nyumbani, ikilowa ni mzigo wa mawe. Suruali nyepesi, soksi ndefu za kuingizia suruali ndani kwa ajili ya siafu na kupe, na khanga doti moja. Kipande kimoja ni taulo, cha pili ni shuka, na vyote viwili ni pazia unapobadili nguo. Wanawake wenzangu, taulo za kike za kitambaa, za kufua, zinafaa sana huko. Zile za dukani zina plastiki ndani yake na hazizikiki.

Sasa viatu, na hapa ndipo ninapowaomba msome taratibu. Wengi hufikiria taka ni kile unachoacha msituni kwa kukidondosha. Mimi naogopa zaidi ninachoingia nacho bila kujua. Kishonanguo husafiri kwenye soksi, na mbegu nyingine ndogo kuliko hiyo hujificha kwenye tope la soli. Msitu ukishapata mgeni asiyetoka, kazi ni kubwa. Kule Amani kuna mti wa Maesopsis uliopandwa na watu. Hondohondo wanakula matunda yake na kuusambaza, na umeingia mpaka ndani ya msitu wa asili.

Mnawakumbuka vyura wa Kihansi, yale maporomoko ya kwenye milima ya Udzungwa? Watu walitania sana habari zao. Chura asiyezidi sentimita tatu, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, aliishi kwenye manyunyu ya maporomoko yale tu na si kwingine duniani. Bwawa la umeme likapunguza maji, kisha fangasi wa ngozi wakamvamia, na mwaka 2009 akatangazwa kwamba porini hayupo tena. Mbegu yake ilibaki Marekani, kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Walirudishwa Dar es Salaam 2010, na 2012 wakaanza kuachiwa tena kwenye makazi yao. Fangasi hao huenea kwa maji na tope, likiwemo tope la viatu. Kwa hiyo kitu cha kwanza ninachofungasha ni brashi kuukuu ya kufulia. Nasugua soli nyumbani, naanika viatu mpaka vikauke kabisa, na kabla ya kuondoka msituni nasugua tena.

Dawa ya mbu muwe nayo, malaria haina likizo. Ila yenye kemikali iitwayo DEET hula plastiki. Miwani ya wifi ilibaki na alama za vidole mpaka leo. Msiingie kijitoni mkiwa mmeipaka. Na chandarua chenye dawa kisifuliwe mtoni, dawa ile inaua samaki.

Chakula: mchele, maharage, na korosho za kukaanga kwenye kopo la maziwa ya unga. Vifungashio vyote navua nyumbani.

Tochi iwe ya kuchaji, na ishikizieni kipande cha kitambaa chekundu kwenye kioo. Mwanga mwekundu hauwakeri wanyama wa usiku kama mweupe, na Rondo usiku kuna komba mwenye jina la mahali hapo, komba wa Rondo, gramu 60 hivi, uzito wa yai kubwa la kuku, mkia kama brashi ya kuoshea chupa. Mwaka 2006 aliingia kwenye orodha ya nyani, kima na komba 25 walio hatarini kuliko wote duniani. Yupo pia Pande na Pugu, jirani kabisa na wifi, ila ilibidi aje Rondo kumsikia. Kumwona ni jambo jingine: mzee alisema ni yeye, mimi niliona macho mawili na tawi linatikisika.

Tuliporudi Lindi nilipeleka taka zetu za siku tatu kwenye mizani ya duka la jirani. Gramu 900. Zaidi ya nusu yake waipsi, maana hazikauki. Wifi akasema mizani ni mibovu. Mwezi uliopita alinipigia simu kuniuliza kama nina mfuniko wa ziada wa ndoo ya lita 10, wa kwake umepasuka.