Jibu: Kimiminika cha ioni badala ya asidi ya salfuriki

Mkuu, umeuliza kama kimiminika cha ioni (chumvi iliyo kimiminika hata kwenye joto la chini) kinaweza kuchukua nafasi ya asidi ya salfuriki kama kichocheo katika kugeuza asidi huru za mafuta yaliyokwisha kukaangia kuwa esta za methili, yaani biodizeli. Kinaweza, ila chagua chenye uasidi, mfano cha imidazoli (pete ya kaboni na nitrojeni) chenye kikundi cha sulfoniki, ndicho kinachotoa uasidi. Raha yake iko mwishoni: esta huelea juu, kichocheo hubaki chini pamoja na maji na methanoli. Vukiza hayo mawili, kitumie tena. Hakuna maji ya chumvi ya kumwaga, kama yale yanayobaki ukizimua asidi ya salfuriki. Ila maji yanayozaliwa na mmenyuko usipoyaondoa, hukwama njiani.

Usidhani ni salama tu, lakini. Vingi ni ghali, vingine sumu kwa viumbe wa majini, na vyenye heksafluorofosfeti (ioni ya fosforasi na florini) vikipata maji na joto hutoa haidrojeni floridi, gesi ya sumu inayounguza. Hivi vya mwisho mimi sivigusi.