Usome ukuta kabla ya kushika mwiko

Wengi mnaoingia kazi ya kukarabati nyumba za zamani vijijini Uingereza mmejifunzia kwenye saruji. Mazoea hayo yaacheni getini. Kijumba cha matofali cha miaka 200 kwa kawaida kilijengwa kwa chokaa, na ukuta wake hauna uwazi katikati: ni tofali tupu, unene wa kama sentimita 23. Mvua inaulowesha, upepo unaukausha, na unyevu hutoka nje kupitia viungio vya chokaa kati ya matofali, maana chokaa ni laini kuliko tofali. Ukiviziba kwa saruji, maji yatatafuta njia ndani ya tofali lenyewe. Baridi ya Januari ikiyagandisha yanatanuka, na uso wa tofali unabanduka. Utakutana na kuta ambazo mistari ya saruji imechomoza na matofali yameliwa hadi ndani. Aliyeifanya kazi hiyo alilipwa, tena pengine vizuri.

Angalia kwanza matofali yamelazwaje. Kozi moja, yaani mstari mmoja wa matofali, ikiwa na ubavu (upande mrefu wa tofali), kichwa (upande mfupi), ubavu, kichwa, huo ni mpangilio wa Flemish, uliopendwa sana karne ya 18. Kozi nzima ya bavu juu ya kozi nzima ya vichwa ni mpangilio wa Kiingereza. Bavu tupu kote mara nyingi ni ukuta wa baadaye wenye uwazi, au kipande kilichojengwa upya. Vichwa vingine vina rangi ya kijivu-buluu inayong'aa kama gilasi. Vilipata moto mkali tanuruni, na waashi walivipanga makusudi viwe nakshi. Asidi ya kusafishia isiviguse.

Utaambiwa tofali kubwa ni alama ya kodi ya matofali ya 1784 hadi 1850, iliyotozwa kwa idadi. Kweli wapo wafyatuaji walioongeza ukubwa ili kuikwepa, lakini mimi siupi ukuta umri kwa kipimo cha tofali peke yake.

Ukifika kwenye kujaza viungio upya, grainda (mashine ya kukatia) weka mbali, inakula kingo za matofali. Kwangua kiungio kwa patasi, kina mara mbili ya upana wa kiungio, lowesha, ndipo ujaze chokaa na kufunika kwa magunia mabichi. Chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, usianze. Waliofanya kazi Lamu au Mji Mkongwe wanajua chokaa haikimbizwi. Hili la barafu ndilo geni kwao.

Nyumba ikiwa kwenye orodha ya majengo ya urithi, hata dirisha usiling'oe kabla halmashauri haijatoa kibali. Kubadilisha sura yake bila kibali ni kosa la jinai, na fundi naye anaweza kushtakiwa pamoja na mwenye nyumba. Omba nakala ya kibali uisome mwenyewe.