Siku niliyokatazwa kucheka kwenye opera

Jumanne nilipata ujumbe kutoka kwa msomaji: "Dada, nimealikwa kwenye opera ya vichekesho Jumamosi. Ni kikundi kidogo, wanaimba Kitaliano, na mimi hata salamu ya Kitaliano siijui. Sitaki kuaibika mbele za watu. Nifanyeje?"

Nikamjibu kwa mistari miwili: soma hadithi kabla hujaenda, na ukisikia kucheka, cheka. Kisha nikabaki na simu mkononi, maana hilo neno "kuaibika" lilinigusa penye kidonda. Mimi niliaibika. Na kwa kuwa najua wengi mnaonisoma mngependa siku moja kuingia kwenye kumbi za opera, huo mchezo wa kuigiza unaoimbwa, na kukaa kama watu waliozoea, acha niseme yaliyonikuta.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda na mtu niliyemheshimu sana, mjuzi wa muziki, au ndivyo alivyojitambulisha. Opera yenyewe ilikuwa La serva padrona, yaani mtumishi aliyegeuka bibi wa nyumba, ya mtunzi Mwitaliano Pergolesi. Ukumbi mdogo, viti vya kukunja. Okestra hakuna, ila piano moja ambayo mguu wake mmoja ulikuwa umewekewa kadibodi chini ili isiyumbe. Jukwaani palikuwa na meza, kiti, na mlango uliokuwa ukijifungua wenyewe kila ukifungwa.

Anatokea Uberto, bwana mtu mzima asiye na mke, analalamika kwamba saa tatu nzima anangoja chokoleti yake ya kunywa na haiji. Hasira hiyo anaiimba kwa besi, ile sauti nzito ya kiume, ikishuka na kushuka kama mtu anayeteremka ngazi gizani. Serpina, mtumishi wake, hana habari naye. Halafu yuko Vespone, mtumishi wa kiume, ambaye hatamki neno tangu mwanzo hadi mwisho. Ndivyo alivyoandikwa. Usiku ule Vespone aliingia na sinia tupu. Akalitazama. Akamtazama bwana wake. Kisha akalipindua taratibu, ahakikishe kama chokoleti haikujificha upande wa chini.

Nikacheka. Kile kicheko changu ambacho mama husema kinafika mahali kabla yangu.

Mwenzangu akaniinamia sikioni: "Hapa si kwenye vichekesho vya televisheni."

Basi. Nikajibana hadi mwisho. Na mwisho ndipo penyewe! Serpina anataka bwana wake amwoe, kwa hiyo anamvalisha Vespone nguo za askari na kumtambulisha kama mchumba wake, Kapteni Tempesta. Kapteni hasemi, anakoroma na kukodoa macho tu, na Serpina ndiye mkalimani: kapteni anadai Uberto atoe mali nyingi ya harusi, la sivyo Uberto mwenyewe amwoe Serpina. Sasa usiku ule sharubu za kapteni zikabanduka upande mmoja. Akazishikilia kwa kidole, macho bado makali kama ya simba, akaendelea kutisha watu kwa mkono uliobaki. Nami nimeuma midomo, machozi yananitoka, nikijifanya nina mafua. Tulikuwa watu thelathini hivi, kimya kama tuko msibani. Hadi leo namdai mtu yule kicheko kimoja.

Niliporudi nyumbani nikaanza kusoma. Nilisoma kwa hasira, sifichi. Kumbe kazi ile ilitolewa Naples, Italia, mwaka 1733, Pergolesi akiwa kijana wa miaka 23, na ilichezwa katikati ya opera yake nyingine nzito, vipande viwili, ili watazamaji wapumue. Yaani iliandikwa watu wacheke! Ile nzito leo ni nadra kuisikia, hiki kipande cha mapumziko ndicho kinachoimbwa mpaka sasa. Mwenyewe alifariki mwaka 1736, ana miaka 26. Na kikundi cha Waitaliano kilipoipeleka Paris mwaka 1752, wasomi wa Ufaransa waligombana kwa maandishi takriban miaka miwili, wengine wakitetea opera yao ya kifalme na wengine, mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau akiwamo, wakisimama na Waitaliano. Kwa hiyo mimi na Rousseau tulikuwa upande mmoja. Mwenzangu sikumwambia. Hatuzungumzi tena, kwa sababu nyingine, ingawa hii nayo imo.

Sasa ushauri, kwa aliyeniandikia na kwa wengine mnaoogopa kama yeye.

Soma hadithi. Dakika kumi zinatosha, ujue nani anampenda nani na nani anamdanganya nani. Opera ya vichekesho karibu yote ni udanganyifu: mtu kavaa nguo za mwingine na mzee anachezewa akili. Ukishajua hilo, Kitaliano hakikusumbui.

Kaa mbele. Vikundi vidogo huimba bila maikrofoni, na nusu ya utani uko usoni. Nyuma utasikia sauti tu, hutaona lile sinia likipinduliwa.

Kuna tafsiri huwa zinaoneshwa juu ya jukwaa. Huo mtindo ulianza Toronto mwaka 1983 na umetuokoa wengi, ila usizing'ang'anie. Kwenye kikundi kidogo kuna mtu mmoja gizani anabonyeza kompyuta, na akiwahi sekunde mbili, ukumbi unacheka kabla mwimbaji hajafika kwenye mzaha. Nimeshaona soprano, mwimbaji wa kike wa sauti ya juu, akiduwaa, anajiuliza kama nguo imefunguka. Ndiyo maana nasema soma hadithi kabla.

Kupiga makofi? Mwimbaji akimaliza wimbo wake na piano ikanyamaza, piga. Hakuna atakayekutoa nje.

Ila zaidi ya yote, ndugu zangu, tuache kwenda kwenye sanaa kama tunaokwenda kwenye usaili. Tunavaa vizuri, tunanyoosha shingo, tunachungulia jirani anafanya nini ndipo na sisi tufanye, na jirani naye anatuchungulia sisi. Watu wamefanya mazoezi miezi baada ya kutoka kazini, wameshona mavazi wenyewe, halafu tunawalipa kwa nyuso za mahakamani. Ni uchoyo. Nasema hivyo na nimewahi kuufanya.

Mwezi uliopita kikundi kingine kiliitoa opera ileile. Nikaenda peke yangu, safu ya pili. Vespone wa safari hii alikuwa mrefu, mwembamba, na badala ya sinia alikuja na kikombe. Akachungulia ndani, akakipuliza kama cha moto, akampa bwana wake kitupu. Nikacheka kwa sauti yangu yote. Nikabaki peke yangu hewani kama sekunde tatu, nne, moyo unadunda, naisikia ile sauti sikioni. Halafu mzee mmoja nyuma yangu akaangua. Kisha safu nzima.

Baada ya onyesho Vespone alikuwa mlangoni anafuta rangi usoni. Akaniuliza, "Wewe ndiye uliyecheka mwanzo?" Nikakubali. Akasema, "Tulikuwa tunakufa pale juu." Hayo nimeshawasimulia watu wanne, na sasa ninyi.

Yule msomaji alinijibu jana: "Asante dada. Ila nimeshachukua kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango, ili nikichoka nitoke." Nimemwandikia abadilishe. Bado hajajibu.