Lori linalala usiku: upepo unapotea wapi?

SWALI: Lori langu lina springi za upepo nyuma. Jioni naliegesha limesimama sawa, asubuhi nakuta upande wa kushoto umelala. Nikiwasha injini linainuka ndani ya dakika chache. Nimelizunguka nikitega sikio, sisikii chochote. Nianzie wapi?
Dereva wa masafa marefu

JIBU: Sikio liweke kando. Chasi ikishuka sentimita 10 kwa saa 10, hiyo ni milimita 1 kila dakika 6. Uvujaji mdogo namna hiyo hautoi mlio, na geji ya dashibodi nayo haitauonyesha kwa dakika chache za kuitazama. Unahitaji futi kamba na subira. Jioni pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, kushoto na kulia, uandike. Pima tena baada ya saa moja, kisha asubuhi kabla ya kuwasha injini. Lori zima likishuka kidogo na sawasawa usiku wa baridi, usihangaike: upepo ukipoa kutoka nyuzi 30 hadi 10 za Selsiasi hupungua ujazo kwa karibu asilimia 7.

Asubuhi hiyo hiyo soma geji za matangi. Malori mengi yana valvu ya kulinda presha, inayofunga njia ya springi presha ya tangi ikishuka mno, ili baluni (mfuko wa mpira wa springi ya upepo) lililopasuka lisimalize upepo wa breki. Kwa hiyo ukikuta geji iko sifuri, usilaumu mabaluni peke yake. Kuna uvujaji upande wa breki au matangi, na huo ndio wa kushughulikia kwanza.

Kwako wewe, kushuka upande mmoja kunapunguza kazi. Kwa kawaida maana yake kila upande una valvu yake ya kusawazisha kimo, inayoingiza au kutoa upepo ili chasi ibaki kwenye kimo chake, na upepo unatoka kati ya valvu ya kushoto na mabaluni yake.

Kabla ya kuingia chini, weka vigingi kwenye magurudumu na stendi imara chini ya chasi, pande zote mbili. Tunakusihi usiliruke hili. Baluni likiachia, chasi inashuka kwa mara moja na hakuna muda wa kutoka.

Jaza upepo hadi kompresa ikate, zima injini, subiri lori litulie. Changanya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na maji, upake kwa brashi. Hapa ndipo wengi hukosea: wanapaka, wanatazama sekunde tano, wanasogea mbele. Uvujaji mdogo hautoi mapovu makubwa. Baada ya dakika moja au mbili hujenga povu jeupe laini, kama la maziwa yanayoanza kuchemka. Paka, ngoja, rudi na tochi.

Anza na fitingi za paipu za plastiki. Huku umepaka sabuni, sukuma paipu kidogo pembeni kwa mkono. Povu likiongezeka, oringi (pete ya mpira ndani ya fitingi) imechoka au paipu ilikatwa mshazari. Toa upepo wote wa upande huo, kata paipu upya kwa pembe mraba, ondoa kama sentimita 1 au 2 zilizokwaruzika, uirudishe hadi igote ndani.

Kisha baluni lenyewe. Nyufa hujificha kwenye mkunjo wa chini, pale mpira unapojiviringisha juu ya pistoni (kitako cha springi), na lori likiwa kwenye kimo chake cha kawaida huzioni. Fungua kifimbo kinachounganisha mkono wa valvu ya kimo na ekseli, funga mkono huo katikati kwa waya, ndipo uinue chasi kidogo kwa jeki na kusogeza stendi juu ili mkunjo ufunguke. Usipofunga mkono huo, valvu itaona chasi imepanda na kumwaga upepo, nawe utadhani umepata tundu. Paka pia ukingo wa sahani ya juu.

Mwisho, ziba tundu la kutolea upepo la valvu ya kimo kwa utando wa sabuni, mkono ukiwa katikati. Utando ukivimba na kupasuka tena na tena, valvu haifungi. Ukimaliza, suuza sabuni yote kwa maji safi. Ikibaki huchochea kutu kwenye fitingi.

SWALI: Fundi amebadilisha mabaluni yote manne, bado lori linashuka. Je, vipuri ni vibovu?
Mmiliki wa lori moja

JIBU: Inawezekana, lakini kwanza shuku valvu ya kimo. Maji, mafuta ya kompresa na vumbi la kikaushio cha upepo (kifaa kinachoondoa unyevu kwenye upepo) hukaa pale valvu inapofungia na kuizuia isifunge. Fungua koki za matangi: yakitoka maji mengi au uji wa mafuta, badilisha chujio la kikaushio na ukague kompresa kabla ya kufunga valvu mpya, la sivyo nayo itachafuka.

SWALI: Naweza kumwaga dawa ya kuziba pancha ndani ya baluni?
Utingo

JIBU: Hapana. Haitaziba mpira unaojikunja kila dakika, na itasafiri hadi kwenye valvu na kuzigandisha. Baluni lenye ufa hubadilishwa, halizibwi.