Acha hiyo "NA zidisha, AU jumlisha", andika "kati ya" kwanza

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema zimebaki wiki tatu kabla ya mtihani, umejipangia maswali 200 ya takwimu, uwezekano na sayansi ya msingi, na silaha yako ni "ukiona NA zidisha, ukiona AU jumlisha". Kisha ukatuwekea mfano: mfuko una gololi 5 nyekundu na 3 za bluu, unatoa mbili bila kurudisha, uwezekano wa zote kuwa nyekundu ni 5/8 × 5/8 = 25/64. Ukamalizia kwamba mada hii sasa umeishika. Hujaishika. Ukienda hivyo hutakuwa umefanya maswali 200, utakuwa umefanya kosa moja mara 200.

Kosa hilohilo lilinirudisha kwenye chumba cha mtihani mara ya pili, kwa hiyo utanisamehe sitakubembeleza.

Gololi ya kwanza ikishatoka na haijarudi, mfukoni zimebaki 7, nyekundu zimebaki 4. Hesabu ni 5/8 × 4/7 = 20/56, yaani 5/14, kama 0.357. Yako ni 0.391. Zimekaribiana, na ubaya uko hapo: jibu bovu limevaa nguo za jibu zuri, halikushtui. Hiyo 25/64 ni jibu sahihi kabisa la swali ambalo hukuulizwa, lile la kurudisha gololi mfukoni kabla ya kutoa ya pili. Na njia ya kujikamata ilikuwepo: piga hesabu ya matokeo yote. Nyekundu mbili ni 20/56. Bluu mbili ni 3/8 × 2/7 = 6/56. Moja moja ni 30/56, kwa sababu zipo njia mbili, nyekundu ikaanza au bluu ikaanza, kila moja 15/56. Jumla 56/56. Aliyesahau njia mojawapo atapata 41/56 na atajua kuna kitu kimedondoka njiani.

Sasa kanuni yangu, na ni moja tu. Kabla hujagusa kalkuleta, andika kwa maneno "kati ya", halafu malizia kwa kutaja kundi. Si namba tupu, taja kundi lenyewe. "Kati ya gololi 7 zilizobaki." "Kati ya waliofaulu." Kiasi, ile namba ya juu, karibu kila mtu huipata. Wengi huzama kwenye asili, ile ya chini.

Angalia. Wanafunzi 200. Waliohudhuria mazoezi ni 50, na 45 kati yao walifaulu. Wasiohudhuria ni 150, na 90 kati yao walifaulu. Uwezekano kwamba aliyehudhuria alifaulu ni 45/50, asilimia 90. Uwezekano kwamba aliyefaulu alihudhuria ni 45/135, asilimia 33 na kidogo. Uwezekano wa kumwokota mwanafunzi yeyote ukakuta alihudhuria na alifaulu ni 45/200, asilimia 22.5. Juu ni 45 mara zote tatu! Swali zima limejificha chini. Na kanuni yako ya NA ingekuambia nini hapa? Ingekuambia zidisha 50/200 kwa 135/200, upate kama asilimia 16.9, jibu ambalo halipo popote kwenye jedwali. Kuzidisha vile kunaruhusiwa pale tu matukio yasipotegemeana, na hapa yanategemeana waziwazi.

Hilo la kugeuza sharti, kumchanganya "aliyehudhuria akafaulu" na "aliyefaulu akahudhuria", ndilo ghali kuliko yote, kwa hiyo nitakaa hapo hata kama hukuuliza.

Swali maarufu, utakutana nalo tu: ugonjwa unao asilimia 1 ya watu. Kipimo kinawagundua asilimia 95 ya wagonjwa, na kinawasingizia asilimia 5 ya wazima. Mtu amepimwa, kipimo kimesema anao. Uwezekano kwamba kweli anao ni kiasi gani? Mkono unaandika 95 wenyewe, bila kumuuliza kichwa. Lakini 95 ni "kati ya wagonjwa", na swali limeuliza "kati ya walioambiwa wanao".

Usianze na fomula ya Bayes, ile ya kugeuza sharti kwa herufi. Nakuomba. Fomula ile ni sahihi, lakini kwa anayeanza ni mahali pazuri pa kubadilishia herufi bila kujua. Anza na watu 10,000. Wagonjwa ni 100, wazima 9,900. Katika wagonjwa, kipimo kinawakamata 95 na kuwakosa 5. Katika wazima, kinawasingizia 495 na kuwaachia 9,405. Walioambiwa wanao ni 95 + 495 = 590. Andika: "kati ya 590 walioambiwa wanao, 95 wanao kweli". 95/590 ni kama 0.161. Asilimia 16! Si 95.

Watu husoma hapo wakadhani kipimo ni takataka. Hapana. Wazima ni wengi mara 99 ya wagonjwa, kwa hiyo asilimia 5 yao ndogo bado inawafunika wagonjwa wote. Upande wa pili kipimo hichohicho ni kizuri mno: kati ya 9,410 walioambiwa hawana, wanaougua ni 5 tu, kama asilimia 0.05. Kipimo kimoja, sifa mbili, kutegemea umesimama kwenye kundi gani. Mtahini anayejua kazi yake atabadilisha hiyo asilimia 1 tu, aache mengine yote, aone kama umekariri 16.

Ndiyo maana napandwa na hasira nikiona "NA zidisha, AU jumlisha" bado inazunguka. Aliyenifundisha mimi, simtaji, alikuwa anaiimbisha darasa zima likiitikia, na mazoezi yote aliyotupa yalichaguliwa yasiivunje kanuni: sarafu na dadu, dadu na sarafu, vitu ambavyo havina habari na mwenzake. Ni sawa na kumfundisha mtu kuendesha gari kwenye uwanja mtupu, halafu unampa cheti cha barabara kuu. Mtihani ulipoleta mfuko wa mipira bila kurudisha, darasa zima tulizama kwa pamoja, tukiimba.

Na usidhani ni mchezo wa gololi tu. Uingereza, mwaka 1999, mama mmoja alifungwa kwa kuwaua watoto wake wawili wachanga. Shahidi mtaalamu aliieleza mahakama kwamba kifo cha ghafla cha mtoto mchanga katika familia ya aina ile hutokea mara 1 kati ya 8,543, akazidisha namba hiyo kwa yenyewe, akapata 1 kati ya milioni 73 kwa vifo viwili. NA zidisha! Wakati watoto wa familia moja wana damu moja, nyumba moja na mazingira yaleyale, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na haki ya kuzidisha vile. Kosa la pili ni lile la kugeuza: hata hiyo milioni 73 ingekuwa sahihi, ni "kati ya familia zote", si "kati ya familia ambazo tayari zimepoteza watoto wawili". Mama kuua watoto wake wawili nako ni nadra sana, na ndiyo nadra ya kulinganisha nayo. Chama cha wanatakwimu cha Uingereza, Royal Statistical Society, kilitoa tamko la kuipinga hesabu hiyo mwaka 2001. Hukumu ilifutwa 2003, hasa kwa sababu ya majibu ya maabara ambayo hayakuwa yamewekwa wazi, na ile takwimu nayo ikalaumiwa.

Basi, AU. Dadu moja: uwezekano wa kupata namba shufwa au namba kubwa kuliko 2. Jumlisha kama ulivyofundishwa: 3/6 + 4/6 = 7/6. Hongera, umevuka uhakika. Namba 4 na 6 umezihesabu mara mbili, zitoe mara moja: 7/6 − 2/6 = 5/6. Ukitaka, orodhesha tu: 2, 3, 4, 5, 6, kati ya nyuso sita.

"Angalau moja" nayo ni AU iliyojificha. Angalau 6 moja katika kurusha dadu mara nne si 4/6. Pitia upande wa pili: kukosa zote nne ni 5/6 × 5/6 × 5/6 × 5/6, yaani 625/1296, kwa hiyo kupata angalau moja ni 671/1296, kama 0.518. Tukijipoza, tuna wenzetu wa heshima: mwaka 1654 Pascal alimwandikia Fermat, wote wanahisabati wa Ufaransa, kuhusu bwana mmoja mcheza kamari, de Méré, aliyekasirishwa kwamba 6 moja katika kurusha mara 4 inalipa, lakini 6 mbili kwa dadu mbili katika kurusha mara 24 hailipi, ilhali 4 kwa 6 ni sawasawa na 24 kwa 36. Hiyo ya pili ni 1 − (35/36)²⁴, kama 0.491. Uwiano wake ulikuwa sawa, ila uwezekano hauendi kwa uwiano huo.

Umeuliza pia sayansi ya msingi. Dawa ni ileile. Kasi ya wastani: unakwenda kwa km 60 kwa saa, unarudi njia ileile kwa km 40 kwa saa. Si 50. Asili ni saa. Chukua km 120 kila upande: saa 2 na saa 3, km 240 kati ya saa 5, unapata 48. Kemia: gramu 5.85 za chumvi, NaCl, yenye gramu 58.5 kwa moli (moli ni kipimo cha idadi ya chembe), ni moli 0.1. Ukitengeneza mmumunyo wa mililita 500, molariti, yaani moli kwa kila lita, ni 0.1 ÷ 0.5 = 0.2. Anayegawa kwa 500 anapata 0.0002, na hajiulizi. Tena asili ni lita za mmumunyo, si za maji uliyomimina: yeyusha kwanza kwenye maji machache, kisha jaza hadi alama ya 500.

Hata biolojia. Njegere za Mendel, Tt kwa Tt (T ya urefu inaifunika t ya ufupi, kwa hiyo tt pekee ndiyo fupi), mmea umeota mrefu: uwezekano kwamba ni Tt? Wengi huandika 1/2, kwa sababu kwenye jedwali la miraba minne Tt ni mbili. Lakini umeambiwa ni mrefu, kwa hiyo tt imeshatoka mlangoni. Kati ya mitatu iliyobaki, miwili ni Tt: 2/3.

Mkengeuko sanifu, kipimo cha data zilivyotawanyika kutoka kwenye wastani, nao unauliza "gawa kwa nini". Data 4, 8, 6, 5, 7: wastani 6, jumla ya miraba ya tofauti ni 10. Kama hizo tano ndizo data zote unazozizungumzia, 10/5 = 2, kipeuo chake 1.414. Kama ni sampuli na unakisia kundi kubwa, 10/4 = 2.5, kipeuo 1.581. Kalkuleta inakupa zote mbili, σ (ya data zote) na s (ya sampuli), na haitakuonya ukichukua isiyo yako. Nadhani ulikuwa umeuliza kalkuleta ipi ununue. Yoyote inayoonyesha hizo mbili.

Mpango wa maswali 200, punguza. Chukua 40, kila moja ulifanye, halafu ubadilishe kitu kimoja ulifanye tena: kurudisha iwe bila kurudisha, "zote" iwe "angalau moja", sharti ligeuzwe. Majibu ya nyuma ya kitabu yafunike mpaka uwe umeandika "kati ya" yako kwa maneno. Jinsi ya kukariri fomula uliuliza pia, lakini nimeandika sana.

Anza na haya mawili usiku huu. Kwanza, kipimo kilekile cha juu, ila ugonjwa unao asilimia 20 ya watu. Pili, dadu mbili zimerushwa, umeambiwa angalau moja ni 6, uwezekano kwamba zote ni 6 ni upi? La kwanza ni 1,900/2,300, kama asilimia 82.6. La pili ni 1/11. Ukipata 1/6 au 1/36, orodhesha kwa mkono: (6,1) hadi (6,6), kisha (1,6) hadi (5,6), uzihesabu.